Cheche Ndani ya Mafuta ya Taa

Mashati ya mume wangu yalikuwa yakinuka mafuta ya taa, na mfuaji nilikuwa mimi. Niliyaloweka, nikayasugua, nikayaanika uani, na bado harufu ilibaki kwenye kola. Jirani zangu wa Usagara walinitania kwamba heri yangu mimi, mume wangu harudi na marashi ya mtu. Nilicheka nao. Ningewaambia ukweli wangeniona nimerukwa na akili, maana ile harufu ilinichoma roho kuliko marashi ya mwanamke yeyote. Ilikuwa harufu ya karakana ya baba yangu, na aliyerudi nayo jioni alikuwa mume wangu, si mimi.

Baba yangu alikuwa mchonga mihuri. Ile sabuni ya mche yenye jina ubavuni, lile jina halikujiandika. Kuna muhuri wa chuma ulioibana sabuni ingali laini, na hapa Tanga mihuri mingi ya namna hiyo ilipita mikononi mwake. Kazi hii ina jambo moja ambalo mtu lazima alijue tangu mwanzo: ukitaka neno lisomeke kwenye sabuni, ulichonge kinyumenyume kwenye chuma, kama unavyoliona neno ndani ya kioo. Baba aliandika kinyume kwa wepesi kuliko sisi tunavyoandika sawa. Alisema chuo cha Kurani ndicho kilichomsaidia, mkono ulishazoea kuanzia kulia.

Sisi tulikuwa na desturi yetu. Muhuri haukutoka nyumbani kwa baba kabla ya kuonjwa, na kuuonja ni kuukandamiza kwenye donge la unga wa chapati. Asubuhi mama akikanda, mimi nilichukua donge moja na kumpelekea baba karakanani, upande wa pili wa ua. Aliubana muhuri kwenye unga, akaunyanyua, akaniambia, "Soma, mama." Nilisoma. Likisomeka vizuri alisema bismillahi, muhuri ukafungwa kwenye kitambaa chenye grisi, na lile donge likarudi jikoni likawa chapati. Nimekula majina ya sabuni za mji huu utoto wangu wote.

Nilikuwa mtoto wake wa pekee, na hapo ndipo wivu wangu ulipojenga nyumba. Nilijua kusoma kinyume kabla sijajua kusoma sawa. Nilijua kushika tupa, kukaza jiliwa, kunoa tindo. Niliokota vipande vya shaba chini ya meza yake nikajichongea jani, ua, jicho la kuku. Siku moja nilimwonyesha jani langu. Aliligeuzageuza, akasema, "Vizuri sana, mama. Sasa nenda kamsaidie mama yako." Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana mpaka leo sijapata pa kulikasirikia neno lile.

Alikuwa na sanduku. Sanduku dogo la mbao, ndani yake tindo nyembamba za kuchongea, mipini yake imeng'aa kwa jasho la watu wawili: yeye, na mzee wa Kihindi aliyemfundisha kazi, ambaye alimkabidhi siku alipoamua kupumzika. Kwetu sisi hakukuwa na cheti kingine. Aliyepewa sanduku ndiye fundi, na wengine wote ni wasaidizi. Nililitaka lile sanduku kama wenzangu walivyotaka pete.

Nikaolewa. Mume wangu alikuwa mchomelea mageti, mtu mpole, mwenye mabega na maneno machache. Baba alimpenda kabla mimi sijamaliza kuamua kama nampenda. Alimchukua karakanani na akaanza kumwita fundi. Fundi hiki, fundi kile, fundi njoo uone. Mimi, niliyekwenda kila siku kumsaidia mama kwake, nilipopita na sinia ya chai niliitwa mama. Najua ni jina la mapenzi, kila binti huku anaitwa hivyo na babaye. Lakini msikilize mtu akimwita mwenzako fundi siku nzima, halafu akuambie uache chai hapo mezani.

Kisha ikaja mashine. Kiwanda kimoja cha mabeseni ya plastiki kilifungwa, vitu vyake vikauzwa, na mume wangu akamshawishi baba wainunue mashine ya cheche. Macho ya baba yalikuwa yameanza ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, na kuchonga chuma cha pua kwa mkono kulikuwa kunamshinda. Mashine hiyo ilikuwa na birika la chuma la kutosha kuogeshea mtoto, kabati la umeme linalovuma, na mkono unaoshuka polepole kutoka juu. Unachonga sura unayoitaka kwenye kipande cha shaba, kwa sababu shaba ni laini. Chuma kigumu unakilaza ndani ya birika, unakifunika kwa mafuta ya taa, kisha shaba inashuka juu yake bila kukigusa. Katika ule upenyo mwembamba umeme unaruka, cheche baada ya cheche, na kila cheche inang'oa punje ya chuma. Shaba inazama, chuma kinaliwa, mpaka sura yote imeingia ndani yake.

"Mafuta ya taa, na moto?" mama aliuliza siku ya kwanza, mkono kifuani.

Mtaalamu aliyekuja kuifunga akamweleza kwamba kule chini hakuna hewa, na moto bila hewa hauwaki. Hatari ni mafuta yakipungua, shaba na chuma vikawa wazi. Alikuwa msemaji. Alitusimulia kuwa ulimwenguni wako wanaopiga radi ndogo ndani ya maji ili kupasua mawe, wako wanaozitumia kukung'uta udongo kwenye vyuma vilivyotoka kalibuni, na wako wanaoua vijidudu vya maji kwa cheche hizo hizo. Mama alisema astaghfirullah. Mimi nilisimama mlangoni nikimeza kila neno, nikajua kwamba nimependa.

Nilimwomba baba anifundishe. Nilimwomba kwa adabu, baada ya shikamoo, baada ya chai, akiwa ameketi vizuri.

"Mama," alisema, "kitu hiki kina umeme na mafuta. Ukiungua, nitamwambia nini mama yako?"

"Na huyu akiungua, mimi utaniambia nini?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mume wangu aliinamisha kichwa akijifanya anakaza skrubu. Nilirudi jikoni nikakuna nazi kwa hasira hata mbuzi ikalia.

Miezi ya mwanzo walikuwa wanachoma vitu visivyo na kulia wala kushoto. Bolti iliyovunjikia ndani ya injini ya lori, wanaitoboa kwa cheche mpaka inatoka kama unga. Tundu la pembe nne kwenye kipande cha mashine ya mkonge. Watu walikuja na baiskeli zao kutazama, na mume wangu akaanza kutembea kifua mbele. Usiku akilala vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye kucha, na mimi niliviangalia vile vidole kwa kijicho, naapa, kama vya mke mwenzangu vilivyopakwa hina.

Ndipo alipokuja tajiri wa sabuni. Alikuwa Mhindi Mwislamu wa pale mjini, familia yake na baba wanajuana tangu enzi za wazee wao. Alitengeneza sabuni ya mnazi, ile inayotoa povu hata kwa maji ya chumvi, na wateja wake walikuwa vijiji vya pwani, Kigombe mpaka Ushongo. Muhuri wake wa zamani ulikuwa umelika. Alitaka mpya: neno SAFI, na chini yake samaki anayetazama kulia.

"Huu utakuwa wa cheche," baba akamwambia. "Shaba nitaichonga mimi mwenyewe, iwe ya mwisho. Siku utakapokuja kuuchukua utashuhudia, namkabidhi mtu sanduku langu."

Hakusema mtu gani. Hakukuwa na haja. Nilikuwa nimeshika birika la kahawa na nilimwona mume wangu akimeza mate.

Baba alichonga shaba ile siku nyingi, uso ukikaribia kugusa kazi, kidole gumba kikitangulia pale jicho lilipokataa. Asubuhi alipomaliza aliita unga. Nikapeleka. Akabana shaba kwenye donge, akanyanyua, na kwa mara ya kwanza maishani hakuniambia mimi nisome.

"Soma, fundi."

"Safi," mume wangu akasoma. "Na samaki anatazama kulia, baba."

"Bismillahi."

Nilitazama lile donge. Neno lilisomeka vizuri kabisa, na hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Nikalitazama tena, nikaligeuza kichwani mara moja, mara ya pili.

"Baba," nilisema, "hii shaba si muhuri."

"Ni nini, kumbe?"

"Hii ndiyo inayozaa muhuri. Shaba itakula chuma, halafu chuma ndicho kitakachobana sabuni. Inageuka mara mbili. Ikisomeka kwenye unga sasa, kwenye sabuni haitasomeka. Ulitakiwa uchonge sawa, si kinyume."

Baba alipapasa shaba yake kwa kidole gumba, taratibu, kutoka herufi hadi herufi. Nilidhani ameelewa. Kisha akatabasamu, tabasamu lile la kumwonea mtu huruma.

"Mwanangu, nimechonga mihuri kabla hujaota meno. Unga haujanidanganya hata siku moja."

"Unga haudanganyi. Ni wewe unayeuuliza swali lisilo lake."

"Wivu huo, mama," alisema. Alisema kwa upole, mbele ya mume wangu, kama mtu anayekutajia jina la ugonjwa wako. "Nauona tangu mashine ilipoingia. Usiuache ukule."

Nimeeleza tangu mwanzo kwamba nilikuwa na wivu. Nilikuwa nao mpaka kooni, na kila mtu nyumbani aliujua. Lakini samaki yule alikuwa amegeuka vilevile, niwe na wivu nisiwe nao. Nilimtazama mume wangu anisaidie. Aliangalia donge, akaniangalia mimi, akasema, "Tumeshaonja, mke wangu." Nilichukua unga nikaenda nao jikoni, nikautupa juu ya chuma cha moto bila kuusukuma. Samaki akavimba tumbo, akaungua. Nikamla hivyo hivyo.

Siku ya kuchoma nilisimama mlangoni. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Mafuta ya taa yalikuwa safi kama maji, na chini yake, pale shaba ilipokaribiana na chuma, palikuwa na mwanga wa buluu unaotetemeka. Mlio wake ulikuwa wa vitumbua vinapoingia kwenye mafuta. Vipovu vilipanda, kisha wingu jeusi la chuma kilicholiwa, kisha pampu ikalisukuma wingu kando na mwanga ukaonekana tena. Mume wangu alikaa kwenye kiti, mkono juu ya swichi, akisikiliza. Baba alikuwa nyuma yake, kiganja chake kimetulia juu ya bega la mume wangu. Niliutazama ule mkono kuliko nilivyotazama cheche. Bega langu mimi halikuwahi kushikwa hivyo.

Mafuta yalipofunguliwa nilisikia mume wangu akisema kwa furaha, "Baba, inasomeka!" Nilifumba macho. Mchonga mihuri aliyetulia angesikia neno lile akashtuka, maana muhuri unaosomeka ni muhuri ulioharibika. Lakini mume wangu alikuwa mtu wa mageti, na baba alikuwa amechoka na amefurahi. Wakaufunga kwenye kitambaa chenye grisi. Hawakuuonja tena. Ulishaonjwa.

Tajiri akaja siku ya miadi na kipande cha sabuni laini ndani ya mfuko. Mama alikuwa amepika, chapati na mchuzi wa kuku wa nazi. Sanduku lilikuwa juu ya meza ya karakana, limefutwa vumbi, limefunikwa kitambaa cheupe. Nilisimama na sinia yangu. Baba akaomba dua fupi, mume wangu akauweka muhuri juu ya sabuni, akaukandamiza kwa mikono miwili, akanyanyua.

Tajiri aliinama. Akavaa miwani. Akainama tena.

"Fundi," alisema, "samaki wangu kageuka. Anakwenda Pangani au anarudi? Na hili neno ni la lugha gani?"

Baba alinyoosha mkono. Kidole gumba kikapita juu ya sabuni, kwenye herufi ya kwanza, ya pili, kikashuka mpaka kwenye jicho la samaki, kikasimama hapo. Nami nilikuwa tayari. Neno lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wangu tangu siku ya donge lile, na lilikuwa moja tu: "Nilisema!" Nilivuta pumzi ili nilitoe.

"Ni kosa langu, mheshimiwa," mume wangu akasema. "Baba amechonga sawasawa. Mimi ndiye niliyeifunga shaba vibaya kwenye mashine. Ugeni wa kazi. Utanisamehe."

Upuuzi mtupu. Ungeifunga shaba ile vyovyote upendavyo, herufi zingetoka vilevile. Lakini tajiri alijua sabuni, cheche hakuzijua. Alicheka, akampiga mume wangu kofi la mgongo, akasema mradi mkono wa mzee bado uko sawa yeye hana wasiwasi, warudie. Akaketi akala chapati tatu.

Baba hakula. Tajiri alipoondoka, alitafuta sanduku kwa kupapasa, akaondoa kitambaa, akalisukuma juu ya meza kwa mikono miwili mpaka likagusa kifua cha mume wangu.

"Umenisitiri," alisema.

Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa nimesema kweli, mapema, mbele ya mashahidi, na sanduku lilikwenda kwa mtu aliyesema uongo. Hata leo nikikumbuka, kinachoniuma zaidi ni kwamba namwelewa baba. Siku ile mimi nilikuwa na ukweli wa kumpiga nao, na mwenzangu alikuwa na kanga ya kumfunika.

Nyumbani, mume wangu aliniwekea sanduku mapajani. "Hili lako. Ulisema kweli, nami sikukusimamia. Tena mimi mkono wangu mzito, nitamchonga samaki gani?"

"Liondoe."

"Mke wangu..."

"Nililitaka kutoka mkono wa baba yangu," nilimwambia. "Si kutoka mkono wako. Ukinipa wewe ni zawadi, na zawadi unazo nyingi, kaninunulie kanga."

Akaliacha mezani, akatoka kwenda kahawani. Saa zilizobaki siku ile nikafagia nikilizunguka. Kesho yake alijaribu kuchonga mwenyewe, na samaki wake alitoka kama ndala iliyokanyagwa na baiskeli. Nilicheka, sikuweza kujizuia, naye akacheka, na nikiwa bado nacheka nikamnyang'anya tindo. Nilikaa kwenye baraza ya nyuma nikaanza shaba mpya. Mpini uliingia kiganjani kama umenisubiri. Niliandika sawa, kushoto kwenda kulia, nikamtazamisha samaki kulia, nikampa magamba ambayo baba hakuwahi kuwapa samaki wake, na pezi la mgongo lenye miiba membamba. Nilipomaliza nilibana shaba kwenye unga. Haikusomeka hata herufi moja. Sijawahi kufurahia uchafu kama ule.

Tulikwenda wote wawili karakanani asubuhi, yeye na shaba, mimi na donge la unga ndani ya bakuli. Baba alipokea shaba akaanza kuipapasa. Kidole gumba kilikwenda pole, kikarudi, kikakaa sana kwenye pezi. Uso wake ukafunguka.

"Mashallah," alisema. "Mashallah. Huu ni mkono. Hapa kwenye pezi hata mimi sikufika, hata nilipokuwa na macho yangu. Mkwe wangu, ulikuwa umeuficha wapi mkono huu?"

Mume wangu aliniangalia, na safari hii hakuinamisha kichwa.

"Si mimi, baba. Amechonga mwanao. Yote, mwanzo mpaka mwisho."

Baba akacheka polepole, akanyoosha mkono, akalitafuta bega la mume wangu mpaka akalipata.

"Mungu akuzidishie," alisema. "Juzi ulinisitiri mimi, na leo unataka kumsitiri mkeo asife kwa wivu."

"Baba, wallahi..."

"Basi, basi. Nimekuelewa." Akanigeuzia uso, macho yake meupe yakinikosa kidogo. "Mama, umeleta unga?"

Nilikuwa nao. Nikamwekea mbele yake. Akaibana shaba yangu, akanyanyua.

"Soma, mama."

"Haisomeki, baba."

"Vizuri sana, fundi," alisema, akimwelekea mume wangu.